Modi katika mchezo wa kwanza: Kuufumua mapema au kuuonja ulivyo?

KATIKA vyumba vya kukodi vinavyovizunguka vyuo vikuu vya Meru na Embu, kuna mjadala ambao huzuka kila kijana anapopata tarakilishi yenye nguvu kiasi na mchezo mkubwa wa kwanza wa kuchezea humo. Je, auanze jinsi ulivyotoka mikononi mwa waliouunda, au apakue kwanza modi za kuufumua na kuujenga upya, ndipo aanze kucheza?

Kwa asiyeifahamu michezo hii, huo waweza kuonekana mjadala wa watoto. Hata hivyo, mchezo mmoja wa aina hii huweza kumchukua mtu zaidi ya saa 100, na modi zake huweza kumaliza bando la data la mwezi mzima. Isitoshe, ladha ya kukutana na hadithi kwa mara ya kwanza haipatikani mara mbili. Anayeikosa kwa sababu ya uamuzi wa haraka alioufanya siku ya kwanza hana pa kuidai.

Jibu kwa ufupi ni kwamba, katika mchezo wa kwanza, mchezaji aweke modi zinazorekebisha kasoro na aziache zile zinazoubadilisha mchezo wenyewe. Sababu za jibu hilo, pamoja na hali ambapo halifai kufuatwa, ndizo zinazofafanuliwa hapa.

Modi ni nini hasa?

Michezo inayozungumziwa ni ile ya uhusika, maarufu kwa ufupisho wa RPG. Humo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, humpa jina na sura, kisha huishi maisha yake katika ulimwengu wa kubuni. Mhusika huanza akiwa dhaifu na maskini. Kadiri anavyopigana, kufanya biashara na kutimiza majukumu anayopewa, ndivyo anavyopata nguvu, mali na sifa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Skyrim, mchezo uliotolewa Novemba 11, 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Mchezaji huamka akiwa mfungwa ndani ya mkokoteni, mikono imefungwa, akipelekwa kukatwa kichwa katika mji wa Helgen. Kabla shoka halijashuka, joka linatua mjini na mambo yote yanageuka. Tangu hapo ni shauri yake mwenyewe: aufuate mkasa wa majoka, ajiunge na wachawi, awe mwizi, au azurure tu milimani akichuma maua.

Modi ni faili zinazotengenezwa na mashabiki ili kubadilisha mchezo kama huo. Bethesda yenyewe ilitoa bila malipo zana za kutengenezea modi za Skyrim mnamo Februari 2012. Tangu wakati huo makumi ya maelfu ya modi zimechapishwa, nyingi katika tovuti ya Nexus Mods iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2001.

Wakenya wengi wamewahi kuziona modi bila kuzijua kwa jina hilo. Katika mabanda ya kuchezea kandanda kwenye PlayStation, mchezo wa Pro Evolution Soccer, ambao wengi waliuita Winning Eleven, haukuwa na idhini ya kutumia majina ya klabu zote. Katika baadhi ya matoleo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Mashabiki walirekebisha majina, nembo na jezi. Hiyo ilikuwa modi, na hakuna aliyeilalamikia kwa kuwa mchezo ulibaki ule ule. Timu ilijulikana tu kwa jina lake halali.

Modi za michezo ya uhusika ziko za ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni viraka, ambavyo huziba kasoro zilizoachwa na kampuni: jukumu lisiloweza kukamilishwa, mlango usiofunguka, mhusika anayetoweka bila sababu. Ngazi ya pili ni mapambo na nyongeza kama vile nguo mpya, nyumba mpya, anga yenye rangi nzito zaidi au silaha ambazo hazikuwapo. Ngazi ya tatu ni modi za ukarabati mkuu. Hizi hushusha injini nzima, kama wasemavyo mafundi wa magari. Hubadilisha nguvu za maadui, namna mhusika anavyokua, bei za sokoni, njaa, uponyaji na wakati mwingine hadithi yenyewe.

Mfano wa ngazi hiyo ya tatu ni Requiem, modi mashuhuri ya Skyrim. Katika Skyrim ya asili, maadui wengi huongezeka nguvu kadiri mchezaji anavyoongezeka, hivyo mgeni anaweza kwenda karibu kila mahali mapema na akarudi salama. Requiem huuondoa mpango huo. Adui ana nguvu zake maalumu, awe amekutana na mgeni au mkongwe, na mgeni anayeingia pango lisilo la kimo chake huuawa kwa pigo moja au mawili. Afya nayo hairudi yenyewe baada ya vita. Wapo wanaoapa kwamba hawawezi tena kuicheza Skyrim bila modi hiyo, na kwa upande wao wana haki. Suala ni kama mgeni yuko upande wao.

Ukarabati hujibu lalamiko

Kila modi ya ukarabati mkuu ni jibu la lalamiko fulani. Mchezo wa Oblivion, uliotangulia Skyrim na kutoka mwaka 2006, ulikuwa na kasoro iliyowaudhi wengi. Mchezaji alipofikia viwango vya juu, hata majambazi wa kawaida wa barabarani walianza kuvaa deraya za thamani kubwa mno. Jambazi aliyevalia mali ya kununua nyumba alimzuia mpita njia ili kumdai sarafu 100. Modi iitwayo Oscuro's Oblivion Overhaul ilipata umaarufu kwa kuiponya kasoro hiyo pamoja na nyingine. Aliyekuwa amecheza makumi ya saa aliipokea kama mvua ya masika. Asiyewahi kukutana na jambazi huyo hakuweza kujua dawa ile ilikuwa ya ugonjwa gani.

Jambo hili mkulima wa kahawa wa Meru au Embu analielewa bila kufundishwa. Sehemu hizi mbili, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa zile za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kukuza kahawa katika miaka ya 1930. Mibuni ya SL28 na SL34 ilienea na kusifika kwa ladha, lakini hushambuliwa vibaya na ugonjwa wa chulebuni unaoozesha buni changa, pamoja na kutu ya majani. Aina ya Ruiru 11, inayostahimili maradhi hayo, ilitolewa mwaka 1985, na Batian ikafuata mwaka 2010. Wapo wakulima ambao hawakung'oa mibuni yao. Waliikata, wakapandikiza aina mpya juu ya shina la zamani, wakabaki na mizizi ya kale na matawi mapya.

Modi ya ukarabati mkuu ni upandikizaji wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba mkulima alikuwa na hesabu mkononi. Alijua ni debe ngapi zilioza msimu uliopita, dawa ilimgharimu kiasi gani, na kahawa ya SL28 ilisifiwaje sokoni ilipovunwa salama. Alijua anachokipoteza na anachokitafuta. Mwenye shamba geni, ambaye hajavuna hata msimu mmoja, akikata mibuni yote kwa sababu jirani amemwambia hivyo, huenda akafaulu. Lakini hatakuwa na kipimo cha kumjulisha kama amefaulu.

Kipimo hicho ndicho anachokikosa mchezaji mgeni. Anapouawa mara kumi katika pango lile lile, hawezi kujua kama kosa ni lake, ni la waliouunda mchezo, au ni la modi. Akikata tamaa na kuufuta mchezo, atasema Skyrim ni mchezo mbaya ilhali hajawahi kuucheza.

Ikumbukwe pia kwamba watengenezaji wa modi hizi kwa kawaida ni wakongwe. Wamezunguka kila pango na kusikia kila mazungumzo, hivyo wanatafuta namna ya kurudishiwa hofu na mshangao waliokuwa nao mwanzoni. Mgeni bado anavyo vitu hivyo bila gharama yoyote. Josh Sawyer, aliyekuwa mkurugenzi wa mradi wa Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, alitoa modi yake mwenyewe baada ya mchezo huo kutoka. Katika modi hiyo alipunguza afya ya mhusika na uzito wa mizigo anayoweza kubeba. Hata yeye, aliyeujua mchezo kuliko wote, alifanya hivyo kwa ladha yake na kuwaachia wengine hiari. Mchezo uliouzwa dukani ulibaki ule uliokusudiwa mgeni.

Pale mchezo unapovuja

Kanuni hii isigeuzwe kuwa sheria isiyo na msamaha. Methali ya mwacha asili ni mtumwa haikukusudiwa kumfunga mtu ndani ya mtumbwi unaovuja.

Mfano bora ni Vampire: The Masquerade – Bloodlines, mchezo wa kampuni ya Troika uliotoka Novemba 2004. Ulisifiwa kwa hadithi na wahusika wake, lakini ulitolewa kabla haujaiva, ukiwa na kasoro ambazo ziliwazuia baadhi ya wachezaji kuendelea mbele. Mnamo Februari 2005 Troika ilifunga milango, na hapakubaki kampuni ya kuurekebisha. Kazi hiyo ilichukuliwa na mwanakemia wa Ujerumani, Werner Spahl, ambaye ameendelea kutoa viraka kwa miaka mingi bila kulipwa na kampuni hiyo.

Lenye mafunzo zaidi ni jinsi kiraka chake kilivyopangwa. Wakati wa kukiweka, mchezaji huulizwa anataka lipi kati ya mawili. Toleo la msingi huondoa kasoro tu. Toleo la ziada hurudisha sehemu zilizokuwa zimekatwa na kubadilisha mambo mengine kadhaa. Aliyetengeneza yote mawili ni mtu yule yule, naye mwenyewe ameona haja ya kuutenganisha ukarabati na nyongeza. Mgeni anayechagua toleo la msingi huupata mchezo waliotaka kuuza Troika, ukiwa mzima.

Pili, zipo modi ambazo hazistahili kuhukumiwa kwa kanuni hii kwa kuwa zenyewe ni michezo mingine. Enderal, iliyotolewa mwaka 2016 na kundi la SureAI la Ujerumani, hutumia mitambo ya Skyrim lakini ina nchi yake, watu wake na hadithi yake. Fallout: London, iliyotoka Julai 2024, imejengwa juu ya Fallout 4 kwa namna hiyo hiyo. Anayeanza na mojawapo ya hizi haharibu ladha ya mchezo wa asili, kwa sababu bado hajaugusa.

Tatu, kuna modi ambazo mtu huzihitaji ili aweze kucheza kabisa. Mwenye macho dhaifu anahitaji maandishi makubwa. Mwenye tarakilishi nyonge anahitaji modi za kupunguza uzito wa picha. Mtu asitumie hoja ya asili kumnyima mwenzake miwani.

Gharama huku mlimani

Ushauri mwingi kuhusu modi hutolewa na watu wanaoishi mahali ambako intaneti hulipiwa kwa mwezi bila kikomo. Hali ya Nchiru, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, au ya mitaa ya Embu mjini ni tofauti, na tofauti hiyo huongeza uzito wa kanuni iliyotajwa.

Gharama ya kwanza ni data. Toleo la Skyrim la mwaka 2016 huhitaji nafasi ya gigabaiti 12. Mikusanyo mikubwa ya modi iliyokwisha kupangwa na wengine huweza kupita gigabaiti 100, yaani zaidi ya mara nane ya mchezo wenyewe. Nexus Mods nayo huwawekea kikomo cha kasi watumiaji wasiolipa. Kwa anayenunua bando la siku, au anayesubiri saa za usiku ili ajaribu bahati yake na mtandao wa chuo, kupakua mzigo huo ni kazi ya wiki kadhaa. Akigundua baadaye kwamba hakuupenda, hakuna wa kumrudishia bando lake.

Gharama ya pili ni mashine. Tarakilishi nyingi zinazouzwa katika miji hii ni za mitumba zilizotumika maofisini ng'ambo. Hazina kadi ya picha ya pekee, ingawa zinaweza kuucheza mchezo wa mwaka 2011 picha zikipunguzwa ubora. Ukarabati mkuu wenye mamia ya skripti zinazofanya kazi kwa wakati mmoja hulemea hata mashine bora. Mchezo husitasita, huganda, kisha hufunga wenyewe.

Kisha kuna umeme. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako kwenye Mto Tana, ukingoni mwa kaunti ya Embu, lakini ujirani huo haumkingi mkazi wake na giza. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa pamoja. Umeme ukikatika wakati mchezo unahifadhiwa, faili huweza kuharibika, na mchezo wenye modi nyingi huchukua muda mrefu zaidi kurudishwa katika hali yake.

Gharama ya nne ni ile ya ugomvi wa matoleo. Modi nyingi hutegemea toleo mahususi la mchezo. Mnamo Aprili 2024 Bethesda ilitoa toleo jipya la Fallout 4, na modi nyingi zikaacha kufanya kazi kwa muda. Waundaji wa Fallout: London, waliokuwa wamepanga kuitoa mwezi huo huo, walilazimika kuahirisha hadi Julai. Ikiwa kundi zima la wataalamu lilikwama, mgeni aliyeweka modi 80 kwa kufuata orodha ya rafiki atakwama mara ngapi? Fundi hutambua ubovu wa injini kwa kulinganisha na mlio anaoujua. Mtu ambaye hajawahi kuusikia mchezo ukinguruma ukiwa mzima hana cha kulinganisha nacho.

Kuna pia nakala zinazopita mkono kwa mkono katika flashi na diski za kuazimana. Mbali na kukiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nakala hizo huja na siri. Aliyekuwa nazo huenda aliweka modi zake na akasahau kuzitaja. Mpokeaji hudhani anacheza Skyrim, kumbe anacheza ladha ya mtu mwingine. Kabla ya kuamua lolote kuhusu modi, mtu ahakikishe kwanza alicho nacho ni nini.

Hoja ya mwenye muda mchache

Wanaotetea ukarabati wa mapema wana hoja moja nzito, na haifai kupuuzwa. Watu wengi hawachezi mchezo mrefu mara mbili. Mwalimu wa Nkubu au karani wa Runyenjes, mwenye saa mbili tu Jumamosi jioni, huweza kumaliza mwaka mzima na zaidi katika mchezo mmoja. Kwa nini avumilie kasoro zinazojulikana tangu mwaka 2011 kwa ajili ya mchezo wa pili ambao hatawahi kuuanza?

Jibu la kwanza ni kwamba mtu huyo ndiye anayeumizwa zaidi na modi zinazogombana. Jumamosi nne za kutafuta faili iliyoharibika ni mwezi mzima wa burudani uliopotea. Mwanafunzi wakati wa likizo anaweza kuumudu utafiti huo. Karani hawezi.

Jibu la pili ni kwamba mchezo wenyewe una vifaa ambavyo wengi huviruka. Skyrim ina ngazi sita za ugumu, na mchezaji anaweza kuzibadilisha wakati wowote. Tangu Novemba 2021, wenye toleo la mwaka 2016 wamepewa bila malipo ya ziada mfumo wa maisha magumu, ambamo mhusika huhisi njaa, baridi na uchovu. Anayelalamika kwamba mchezo ni mwepesi aanze hapo. Usiache mbachao kwa msala upitao, hasa ikiwa msala wenyewe una uzito wa gigabaiti 50.

Jibu la tatu, ambalo husahaulika katika mjadala huu, ni kwamba kuujua mchezo si lazima kuumaliza. Saa kumi za kwanza zatosha kumwonyesha mtu jinsi vita vinavyopiganwa, jinsi mhusika anavyokua, na ni jambo gani hasa linalomkera. Akifika hapo na kuona kwamba kinachomkera kiko katika msingi wa mchezo, anaweza kuanza upya na modi ya ukarabati akiwa na sababu yake mwenyewe. Atakuwa amepoteza saa kumi, wala si mia moja, na atakuwa amepata kipimo.

Rafiki anayemshinikiza aweke modi 200 siku ya kwanza hufanya hivyo kwa nia njema. Anataka mwenzake aanzie pale yeye alipofika. Amesahau tu kwamba yeye alifika hapo kwa kutembea.

Utaratibu unaofaa

Kutokana na hayo, mchezaji wa Meru au Embu anayeanza mchezo mkubwa wa uhusika anaweza kufuata hatua chache zisizo na gharama.

Kwanza, aucheze bila modi kwa saa moja au mbili. Lengo ni kuona kama mashine inaumudu. Mchezo unaositasita ukiwa mtupu hautapona kwa kuongezewa mzigo.

Pili, atafute kiraka kimoja kinachoaminika cha kuondoa kasoro. Michezo mingi mikubwa inacho, nacho huwa chepesi kwa data. Asome maelezo yake ili ahakikishe hakibadilishi sheria za mchezo. Anaweza kuongeza modi ya kurahisisha menyu, kwa mfano SkyUI ya Skyrim, kwa kuwa menyu za asili zilibuniwa kwa ajili ya vidhibiti vya televisheni na huwasumbua wanaotumia kipanya.

Tatu, awe na daftari. Kila kinachomkera akiandike, pamoja na alipokuwa wakati huo. Baada ya saa kumi, ayasome malalamiko yake upya. Mengi yatakuwa yamejibiwa na mchezo wenyewe. Yatakayobaki ndiyo ya kutafutiwa modi, moja moja.

Nne, asiongeze wala kuondoa modi kubwa katikati ya safari. Skripti zake huacha alama ndani ya faili za kuhifadhi mchezo, na kuifuta modi hakuzifuti alama hizo. Madhara yake huenda yakajitokeza baada ya saa 20, wakati hakuna tena pa kurudi.

Tano, akishapata mpangilio unaofanya kazi, azime masasisho ya mchezo yanayojipakua yenyewe na ahifadhi nakala ya folda nzima kwenye diski nyingine. Hatua hii humwokoa na toleo jipya lisiloelewana na modi zake, na humwokolea bando la kupakua kila kitu upya.

Kutoka kucheza hadi kuunda

Kuna sababu ya mwisho ya kuujua mchezo wa asili kwanza, nayo yahusu vijana wanaosomea tarakilishi katika vyuo hivi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayetaka kuunda chake hana budi kuyajua maungio ya kilichoundwa kabla hayajafunikwa na kazi ya wengine.

Nick Pearce alikuwa mwanasheria nchini Australia alipotoa modi ya Skyrim iitwayo The Forgotten City mwaka 2015. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Chama cha Waandishi cha Australia. Pearce aliiacha kazi yake, na mwaka 2021 hadithi hiyo ikatoka kama mchezo unaojitegemea. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, akiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kuunda mchezo wa tarakilishi wa picha za pande tatu. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts.

Kazi ambazo hazijafanywa bado ni nyingi. Skyrim haijawahi kutolewa rasmi kwa Kiswahili. Zana za kuibadilisha maandishi zinapatikana bila malipo, na tafsiri ni modi isiyohitaji kadi ya picha wala bando kubwa. Kinachohitajika ni mtu anayezijua lugha zote mbili na anayeujua mchezo wenyewe: nani alisema nini, kwa nani, na kwa kebehi au kwa dhati. Hayo hayapatikani katika orodha ya modi ya mtu mwingine. Kijana wa Nchiru au wa Embu atayapata kwa kuupanda ule mkokoteni wa Helgen na kwenda nao hadi mwisho wa safari.